Dalali Anayebisha Hodi Kibiti

Wauguzi vijana wakiniuliza namna ya "kupata sponsa" wa Uingereza, nami huwauliza: mfadhili au mdhamini? Wengine hucheka, wakidhani nacheza na maneno. Mfadhili hutoa fedha. Mdhamini ni yule tunayemjua mahakamani: ameweka saini, na ukitoweka ataulizwa yeye. Mwajiri wa Uingereza anayemchukua muuguzi wa nje ni wa aina hii ya pili. Lazima awe na leseni ya udhamini kutoka serikali ya kwao. Huingiza kwenye mfumo jina lako, kazi yako na mshahara, kisha unapata namba ya kuombea viza. Ndicho kinachoitwa cheti cha udhamini, na uzito wake wote umo katika namba hiyo. Karatasi yenye muhuri na nembo ya taji inayotumwa kwa WhatsApp yaweza kuchapwa na yeyote mwenye kompyuta.

Kamba ya mdhamini ni fupi. Kazi ikikatika, kwa kawaida muuguzi huwa na siku 60 tu za kumpata mwajiri mwingine mwenye leseni, la sivyo afungashe.

Taaluma nayo ina ngazi zake: leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, mtihani wa Kiingereza wa IELTS au OET, mtihani wa uuguzi wa kwenye kompyuta unaoweza kufanyika nje ya Uingereza, na mtihani wa vitendo unaofanyika Uingereza kwenyewe. Muuguzi aliyewahi kuzalisha kwa mwanga wa tochi ya simu hushangaa akiona kinachomkwamisha ni insha ya Kiingereza.

Sasa tushuke delta ya Rufiji, tuone muuguzi huyo anaacha nini. Mbuchi, Maparoni, Msala na Kiongoroni ni kata za wilaya ya Kibiti zilizozungukwa na mikoko na vijito vya mto huo. Huko safari ya mgonjwa hupangwa kwa maji kujaa na kupwa. Katika zahanati ya kisiwani muuguzi mmoja huchanja watoto, huzalisha, hugawa dawa, tena hujaza vitabu vya takwimu. Akiondoka, pengo lake halizibwi na mwenzake wa chumba cha pili, kwa kuwa chumba hicho mara nyingi hakina mtu.

Ni kwa ajili ya mapengo ya namna hii Shirika la Afya Duniani lilipitisha, Mei 2010, kanuni ya hiari kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine. Baadaye likatoa orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa. Ile ya 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo, kama ilivyokuwamo katika ile ya 2020. Kipimo hutazama mambo mawili pamoja: madaktari, wauguzi na wakunga wasiofika 49 kwa kila watu 10,000, na huduma za afya zisizowafikia wananchi vya kutosha. Uingereza imeigeuza orodha hiyo kuwa "orodha nyekundu" katika mwongozo wake wa uajiri. Ujerumani nayo imewazuia mawakala binafsi kutafuta wauguzi katika nchi hizo.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wakisikia "nyekundu" hudhani Mtanzania amefungiwa mlango. Aliyefungiwa ni mwajiri na wakala wake: haruhusiwi kuja kutangaza, kufanya usaili, wala kukusanya majina. Muuguzi akiona tangazo mwenyewe, akaomba moja kwa moja kwa mwajiri, hakuna aliyevunja mwongozo. Kwa hiyo mtu anayeshuka Kibiti akisema ametumwa na hospitali ya Uingereza kuchukua wauguzi amejifichua kabla hata hajataja bei. Na akitaja bei ya "kutafutiwa kazi" amejifichua mara ya pili, maana mwongozo huo unakataza kumtoza muuguzi ada hiyo. Majina ya waajiri wenye leseni ya udhamini yamo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure kwa yeyote. Muuguzi mwenye bando la siku moja anaweza kuyasoma.

Wapo pia madalali wanaouza kazi ya kulea wazee kwa jina la uuguzi. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga maombi mapya ya kada hiyo kutoka nje, lakini sitashangaa tukiendelea kuyasikia matangazo yake kwa muda mrefu.

Kenya ilipita njia nyingine: Julai 2021 ilitia saini makubaliano na Uingereza, na wauguzi wake huchukuliwa chini ya mkataba huo wa serikali mbili tu. Una kasoro zake, ila una meza ambapo Nairobi inaweza kudai kitu. Muuguzi wetu akiondoka peke yake, kwa haki yake kabisa, hakuna aliyekaa upande wa pili wa kudaiwa. Nafasi yake itasubiri kibali cha ajira kutoka Dodoma, wakati wahitimu wenzake wa diploma wanajitolea hospitalini bila ajira. Kiongoroni, mama mwenye uchungu atakuwa anasubiri maji yajae.