MALEZI YA WATOTO BAADA YA TALAKA: HAKI NA WAJIBU WA WAZAZI

Mume na mke wanapoachana hukatika ndoa, lakini uzazi haukatiki. Baba hubaki kuwa baba na mama hubaki kuwa mama. Hata hivyo, wapo wazazi ambao baada ya talaka huwagombania watoto kana kwamba ni vyombo vya nyumba vinavyogawiwa, na wapo wengine wanaowakimbia kana kwamba hawakuwazaa. Makala haya yanakusudia kuwafahamisha wananchi namna sheria inavyolitazama suala hili.

Sheria zinazohusika

Katika Unguja na Pemba, mashauri ya ndoa, talaka, malezi na matunzo ya watoto baina ya Waislamu husikilizwa na Mahkama ya Kadhi. Mahkama hiyo hivi sasa inaongozwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya Sheria Namba 3 ya mwaka 1985. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo wengi huisikia ikitajwa, ni ya Tanzania Bara na haitumiki Zanzibar.

Aidha, ipo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na maslahi yake ndiyo yanayopaswa kutangulizwa katika kila uamuzi unaomhusu. Msingi huo unalingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Nani mwenye haki ya kulea

Malezi ya mtoto mdogo huitwa hadhana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi Visiwani, mama ndiye mwenye haki ya kwanza, kwa kuwa mtoto mchanga humhitaji yeye zaidi. Asipokuwepo mama, au akikosa sifa, haki hiyo humwendea bibi mzaa mama. Mlezi anatakiwa awe na akili timamu, awe mwaminifu, na awe na uwezo wa kumtunza na kumlinda mtoto.

Mama akiolewa na mume asiyekuwa jamaa wa mtoto, haki yake ya hadhana husita. Lakini haipotei milele: akiachwa na mume huyo, haki humrejea. Jambo hili halifahamiki na wengi, na wapo akina mama waliokata tamaa ya kudai watoto wao ilhali mlango haujafungwa.

Mtoto anapofikia umri wa kupambanua mambo, aghlabu miaka 7, huulizwa anataka kukaa na nani. Mtoto wa kiume akimchagua mama, hulala kwa mama, na mchana huwa na baba kwa ajili ya mafunzo na adabu. Mtoto wa kike akimchagua mama, hukaa naye usiku na mchana, na baba humzuru huko. Akibadili nia, husikilizwa tena. Haifai kumtisha mtoto wala kumhonga ili aseme lile mzazi analolitaka.

Ifahamike kwamba hadhana si uwalii. Mtoto akiwa kwa mama, baba hubaki kuwa walii wake, mwenye dhamana ya mali yake na ya kumuozesha binti.

Matunzo

Matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba, awe mtoto anaishi naye au anaishi kwa mama. Wajibu huo unahusu chakula, nguo, makaazi, matibabu na elimu, kwa kadiri ya uwezo wa baba. Qurani Tukufu, katika Sura ya Baqara aya ya 233, imelieleza jambo hili na ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vile vile. Mama aliyekwisha achwa akimnyonyesha mtoto, anastahiki kulipwa ujira wa kunyonyesha.

Makosa yanayoleta madhara

Chukua mfano wa baba anayeishi Wete ambaye mtalaka wake amehamia Mjini Unguja pamoja na mtoto. Baba anazuia fedha kwa kuwa hajaonyeshwa mtoto. Mama anamficha mtoto kwa kuwa hajapata fedha. Kila mmoja anajiona yumo katika haki, na anayekwenda skuli bila ya viatu ni mtoto. Kisheria wote wawili wamekosea. Matunzo si bei ya kumuona mtoto, na kumuona mtoto si malipo ya matunzo. Mambo mawili haya husimama kila moja peke yake, na mtoto anayo haki ya kuwaona wazazi wake wote wawili, isipokuwa pale inapothibitika kuwa kukutana huko kutamdhuru.

Kosa jengine ni kumchukua mtoto skuli, chuoni au njiani kwa nguvu, au kumvusha kwa boti bila ya mwenziwe kuwa na habari. Anayejiona amedhulumiwa afike mahkamani, asijihukumie mwenyewe.

Utaratibu wa kufuata

Wazazi wanashauriwa kwanza wapatane mbele ya wazee wa pande zote mbili, au wafike kwa Sheha wa shehia yao. Wasipopatana, mdai afungue shauri katika Mahkama ya Kadhi ya Wilaya. Inafaa afike na hati ya talaka, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na maelezo ya gharama za mtoto za kila mwezi. Asiyeridhika na hukumu anayo haki ya kukata rufaa. Na hali ikibadilika, kama vile mlezi kuugua au baba kupoteza kazi, mahkama inaweza kuombwa iutazame upya uamuzi wake.

Wazazi wanakumbushwa kuwa talaka ni baina ya watu wazima wawili. Mtoto hakuoa, hakuolewa, wala hakuacha. Hivyo haifai abebeshwe mzigo usiokuwa wake.