Kompyuta inajizima na kujiwasha: usikubali haraka kufutiwa kila kitu

Mwezi huu tunaongea juu ya ile kompyuta ya zamani ya chumba cha vijana, ambayo wengi mlikuja kulalamika juu yake. Bila onyo inajizima na kujiwasha upya, na kazi yote inapotea.

Siku moja saa nane mchana, mama mmoja alikuwa anamtamkia kijana wetu orodha ya kupeleka Msalaba Mwekundu: watoto wa dada yake waliopotelea njiani, majina, umri, alama za mwilini. Kwa mtoto wa tatu, pap! Kioo cheusi.

“Umeandika, mwanangu?”

“Mama, imepotea yote. Pole sana.”

Akaanza upya. Ikazima tena. Mara ya tatu mama akanyamaza, halafu akasema: “Leo niache kwanza. Nimeshayasema haya mara tatu.”

Tukaita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Akasema iko na virusi, afute diski yote na kuweka Windows mpya, tulipe. Ndani kulikuwa na barua zenu za miaka miwili! Tukamwambia asubiri. Tukanakili kila kitu kwenye flashi, na hiyo ndiyo iwe kazi ya kwanza kwa yeyote mwenye shida kama hii. Huku ukiandika, hifadhi kila baada ya mistari michache.

Halafu tukafanya jaribio lisilo na gharama. Ukiwasha kompyuta, kabla ya Windows kuja, unaweza kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio unaoitwa BIOS. Kwenye mashine nyingi unabonyeza Delete au F2. Tukaiacha hapo, hatuigusi. Baada ya dakika kumi na mbili ikajizima na kujiwasha! Pale Windows haijaanza, na virusi vya kawaida vinakaa kwenye diski vinangoja Windows. Basi kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye chuma au kwenye umeme. Kufuta diski kusingesaidia kitu.

Kama yako inatulia kwenye BIOS na kusumbua ndani ya Windows tu, hiyo ni habari nyingine. Windows imepangwa ijiwashe upya yenyewe ikipata kosa kubwa. Kwenye mipangilio yake ya mfumo kuna tiki ya kuondoa, ili ukurasa wa bluu ubaki kwenye kioo na unakili namba ya kosa. Namba hiyo inamsaidia fundi kuliko maneno mengi.

Sisi tulianza na umeme. Hapa Rwanda ni volti 230, lakini soketi yetu ilikuwa imebeba pia pasi, na pasi ikiwaka umeme unashuka. Tukaondoa pasi. Ikapungua kidogo tu.

Kisha joto. Anayejua Bugarama anajua mchana wa kule, si kama Kamembe karibu na ziwa. Tulichomoa waya, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha kasha, ndipo tukafungua. Vumbi lilikuwa kama sufi, feni ya prosesa haionekani! Tulisafisha kwa brashi laini na kikavu, feni tumeishika kwa kidole isizunguke. Vipande vya RAM tukavitoa, tukafuta meno yake kwa raba ya penseli. Lakini kile kisanduku cha pawa saplai, wazazi, watoto wasikifungue kabisa. Kinabaki na umeme wa hatari hata kikichomolewa.

Kidogo ikawa nzuri, siku nzima. Kesho yake ikarudia.

Ndipo kijana mmoja akaangalia vizuri madabodi na taa ya simu. Kuna vikopo vidogo vya duara vilivyosimama karibu na prosesa, vinaitwa kapasita. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Vyetu vitatu vilikuwa vimevimba kama mkebe wa nyama ulioharibika, kimoja kimetoa maji ya kahawia. Ugonjwa huu unajulikana duniani: kapasita mbovu nyingi ziliingia kwenye kompyuta zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa gharama ya kutengeneza kompyuta za ofisini zenye vipuri vibovu. Na hizo za ofisini, zikizeeka, ndizo zinatufikia sisi.

Fundi wa radio wa Kamembe alizibadilisha kwa chuma chake cha kulehemia. Alitafuta zenye mikrofaradi ileile na volti isiyo chini ya ile ya zamani, akaangalia sana upande wa kutoa na wa kujumlisha, maana ukigeuza inapasuka.

Tuliiacha imewaka tangu asubuhi mpaka jioni. Haikuzima. Jumatatu tulimwita yule mama. Alikuja na dada yake mwenyewe, wakakaa wote wawili mbele ya kioo, na kijana akahifadhi baada ya kila jina. Watoto ni watano. Karatasi imeshaondoka.