Lambo, Timazi na Ile S Ndefu

Sogeeni, wajukuu zangu. Lambo letu limejaa tope hadi ng'ombe wanazama magotini, na kijiji kinataka kujua: likifukuliwa kabla ya mvua, litabeba maji kiasi gani? Tukipata eneo la mkato wake, yaani uso unaoonekana lambo likikatwa ukingo hadi ukingo, tutazidisha kwa urefu wa lambo, basi. Shida ni ule mkato.

Juzi tulivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo: mita 12. Tukawa tunashusha timazi kufuata kitako ambacho mafundi wamekusudia kuchimba. Ukingoni kina ni sifuri, katikati mita 3. Ukiwa umbali wa x kutoka ukingo wa kushoto, kina ni x − x²/12. Jaribuni kwa x = 6 mwone kama hamtapata 3.

Kitako kimepinda, kwa hiyo kuzidisha upana kwa kina hakufai. Tukaukata mkato kwa vipande vya wima. Vipande 3 kwanza, kila kimoja upana wa mita 4, kwa kina cha katikati yake: 1.67, 3, 1.67. Jumla ikaja mita za mraba 25.33. Tulipokata 6, ikashuka hadi 24.33. Tulipokata 12, ikawa 24.08. Mmeona inakokimbilia?

Inakimbilia 24, na namba hiyo inayokaribiwa vipande vikizidi kuwa vyembamba ndiyo intigrali. Mjerumani Leibniz aliibunia alama mwaka 1675: herufi S iliyorefushwa, kwa sababu kazi yenyewe ni kujumlisha. Wengine wenu mtakutana nayo sekondari kwa Kiingereza. Isikieni kwanza kwa lugha ya nyumbani.

Tena kuna njia ya mkato. Tafuteni hesabu ambayo kasi yake ya kubadilika ni x − x²/12. Ni x²/2 − x³/36. Wekeni 12: 72 − 48 = 24. Wekeni 0: sifuri. Tofauti ni 24 kamili, bila kukata kipande hata kimoja! Na Archimedes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alikwisha kuonyesha kwamba umbo la namna hii huchukua theluthi mbili za mstatili unaolizunguka. Wetu ni 12 mara 3, yaani 36. Theluthi mbili zake? Mimi hapa hushangaa kila mara.

Lambo lina kamba iliyonyooka juu; je, pande zote mbili zikipinda? Twende mgodi wa Mwadui, alikogundua almasi Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mwamba wenye almasi una uso wa hektari 146, zaidi ya viwanja 200 vya mpira, na hauna pembe za mraba. Una ukingo wa kaskazini uliopinda na wa kusini uliopinda. Kila kipande kinaanzia kusini na kuishia kaskazini, hivyo urefu wake ni kipimo cha ukingo wa juu ukitoa cha ukingo wa chini. Jumlisheni vipande vyote, mmepata eneo kati ya mikunjo miwili.

Lakini huko kutoa cha chini kuna mtego. Kwenye migodi ya Geita wachimbaji hukata hata vilima. Tuseme mahali fulani kilima kilisimama mita 40 juu ya tambarare, na sakafu ya shimo sasa iko mita 60 chini ya tambarare hiyo, ambayo ndiyo sifuri yetu. Wengi hutoa 60 kwenye 40, wakapata hasi 20. Sakafu iko chini ya sifuri, jamani! Ni 40 − (−60): mita 100 za mwamba, na malori yamezibeba zote.