Kabla ya Kuongeza Klorini, Pima Alkali

Bwawa la nyumbani likianza kugeuka kijani, wengi wetu hapa Kampala hukimbilia ndoo ya klorini. Leo kikombe kimoja, kesho viwili, keshokutwa vitatu. Harufu inazidi kupanda, macho ya watoto yanawasha, na maji bado hayatakati. Klorini imo tele, lakini haifanyi kazi yake. Chanzo huwa ni vitu viwili ambavyo hakuna aliyevipima: pH na alkali.

pH hueleza kama maji yana asidi au besi. Mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, alikibuni kipimo hicho mwaka 1909. Katikati ni 7; chini yake kuna asidi, juu yake besi, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Kwa hiyo maji yaliyotoka 7 kwenda 8 hayajasogea kidogo. Bwawa linatakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8.

Klorini ikiingia majini huwa na sura mbili. Ya kwanza ni asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hasa wa vijidudu. Ya pili ni hipokloriti, dhaifu mno. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye 7.5 zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. pH ikifika 8, ile yenye nguvu hubaki kama robo tu. Mwenye nyumba amelipia klorini nzima, akapata robo yake. Ile harufu kali nayo haimaanishi kwamba maji ni safi: hutokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogeleaji, na mchanganyiko huo ndio unaowasha macho.

Alkali ni jambo jingine, na kwa Kampala naamini ndilo la kuanza nalo. Hapa nina maana ya kiasi cha bikabonati kilichomo majini, kinachozuia pH isirukeruke kila kitu kinapoongezwa. Ni kama shokapu za bodaboda kwenye mashimo ya barabara zetu: zikiisha, kila shimo unalisikia mgongoni.

Sasa tazama maji yetu yanakotoka. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria, yakisafishwa Ggaba na, miaka ya karibuni, Katosi pia. Ziwa hili lina madini machache. Alkali yake ni kama miligramu 45 hadi 50 tu kwa lita, na shabu inayotumika kutuliza tope hula sehemu ya hiyo. Bwawa linahitaji 80 hadi 120. Maana yake bwawa jipya la Muyenga au Buziga hujazwa maji yenye nusu tu ya kinga inayotakiwa. Anayejaza kwa maji ya kisima asidhani amepona, kwani maji ya ardhini ya mji huu mara nyingi yana asidi.

Maji laini hivyo yana madhara mengine: hutafuta chokaa popote ilipo, yakala saruji iliyo kati ya vigae. Ukipitisha kidole ukutani ukahisi mikwaruzo kama ya msasa, huenda maji yameanza kulila bwawa lenyewe.

Kupima si kazi ngumu. Chota maji kina cha kiwiko, mbali na tundu yanaporudia kutoka kwenye pampu. Kichupa cha pH hutiwa matone ya dawa nyekundu, kisha hutazamwa mbele ya karatasi nyeupe: njano ni asidi, chungwa linaloelekea wekundu ni sawa, waridi iliyokolea ni pH iliyopanda. Alkali hupimwa kwa kuhesabu. Maji hugeuka kijani kwa dawa ya kwanza, nawe unadondosha ya pili tone moja moja huku ukitikisa mpaka yawe mekundu. Katika vifaa vingi kila tone ni miligramu 10 kwa lita, hivyo unatafuta matone manane hadi kumi na mawili. Mtunza bwawa anastahili kununuliwa kifaa hiki kabla ya ndoo nyingine ya klorini.

Alkali ikiwa chini, dawa yake ni bikabonati ya sodiamu, ile ile ya kuokea. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye kina cha wastani cha mita 1.2 hubeba lita 60,000. Kulitoa 45 hadi 90 kunahitaji takriban kilo nne na nusu. Weka nusu, acha pampu izungushe maji, pima kesho yake, ndipo umalizie. Soda inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya ni kabonati, nayo hupandisha pH kwa nguvu. Itumike pale tu pH yenyewe iko chini.

Alkali ikishatulia, rekebisha pH. Klorini ya chenga ya kalsiamu huipandisha, na maporomoko ya mapambo pia, kwa kuwa hufukuza kaboni dioksidi majini. Asidi ya hidrokloriki huishusha. Daima mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na usiiache ikutane na klorini ndani ya ndoo moja: gesi inayotoka huunguza mapafu na yaweza kuua.

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hurudisha kazi nyuma, maana maji ya mvua karibu hayana bikabonati, na bwawa likifurika humwaga ile uliyoiweka. Pima alkali upya baada ya kila mvua kubwa.

Hata vipimo vyote vikiwa sawa, mtoto anayeharisha asiingie majini. Katika bwawa lililotunzwa vizuri bakteria wa E. coli hufa ndani ya dakika moja, lakini kimelea cha Cryptosporidium huweza kuishi humo zaidi ya siku kumi.