Wamanyema: Jina Lililokomaa Ugenini

Alunguli ni mojawapo ya komini tatu za mji wa Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema, nayo iko upande wa mashariki wa mto Lualaba. Huko Maniema ni jina la nchi, si la kabila. Wenyeji wa mkoa ni Wakusu, Wasongola, Wazimba, Wabangubangu na wengineo, ambao huelewana kwa Kiswahili.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo ni mengine. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ikiwemo ile ya Tippu Tip, iliwatoa wengi wa watu hao kwao: baadhi wakiwa mateka, baadhi wapagazi na askari. Walipofika Ujiji, na baadaye Dar es Salaam na Bujumbura, hawakuwa na ukoo wa kuwaoza wala wa kuwazika. Ndipo makabila mbalimbali yalipojumuika kwa jina moja, Wamanyema, yakiunganishwa na Kiswahili na, aghalabu, Uislamu. Msikiti wa Manyema uliopo Kariakoo ni ushahidi wa umoja huo. Vivyo hivyo Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, Bujumbura.

Hivyo jina ambalo wengine walilihusisha na utumwa liligeuzwa kuwa ngao ya wenye kulichukua. Kwa sababu hiyo neno hili halina budi kufasiriwa kwa kuangalia mahali linaposemwa. Alunguli hutaja nchi mtu atokako. Ujiji hutaja jamaa waliyoiunda wahenga wake baada ya kutengwa na ile ya kwanza.