LAYNE BEACHLEY, BINTI MWENYE ALISHINDA MAWIMBI



Mara kwa mara tunasikia wanafunzi wakibishana: je, binti anaweza kufanya muchezo kuwa kazi yake, apate nao chakula na jina? Wengine wanasema hapana, nguvu ni ya wanaume. Leo tutaeleza maisha ya mwanamuke mumoja wa Australia, Layne Beachley, mwenye alikuwa bingwa wa dunia mara 7 mu muchezo wa kusimama juu ya mawimbi ya bahari. Kisha kila mutu ajijibu mwenyewe.

1. Muchezo huu ni nini?

Wengi kati yetu hawajaona bahari, basi tuanzie hapo. Mutu anakamata ubao mwepesi, analala juu yake kifudifudi, anapiga maji na mikono mupaka anafika mbali kidogo na inchi kavu. Kule anangojea. Wimbi likikaribia, anapiga mikono kwa nguvu ili ubao upate mbio sawa na ya wimbi. Halafu anaruka, anasimama kwa miguu yake miwili, na kuteleza juu ya maji sawa mutu mwenye kushuka kilima. Hakuna motere, hakuna tanga, hakuna kasia.

Wimbi linatoka wapi? Linatoka ku upepo wenye unapiga bahari fasi za mbali sana, pengine kilometa maelfu. Jambo la kushangaza ni hili: maji yenyewe hayasafiri, ni nguvu njo inasafiri. Tupa kipande cha muti fasi yenye mawimbi hayajavunjika: kinapanda, kinashuka, lakini kinabakia karibu fasi ileile. Wimbi likifika fasi yenye maji si marefu, chini yake linakawia, linainuka juu, na kichwa chake kinaanguka mbele. Hapo njo muchezo unafanyika, na hapo tena njo hatari iko. Mutu akianguka, maji yanamuzungusha chini sawa nguo mwenye kufuliwa, na kama chini ni mawe, anaumia.

Mu mashindano makubwa ya leo, waamuzi 5 wanaangalia kila wimbi na kutoa pointi toka 0 mupaka 10. Wanatupa hesabu ya juu kabisa na ya chini kabisa, wanagawanya zile 3 zenye zinabakia. Kiisha wanajumlisha mawimbi mawili yenye yalikuwa mazuri kupita yote. Kwa hiyo hakuna mutu anaweza kupita pointi 20. Hawahesabu wingi wa mawimbi. Wanahesabu ugumu, mbio, nguvu na namna mutu anageuza ubao wake.

2. Namna gani muchezo ulifika Australia

Wenyeji wa visiwa vya Hawaii njo waliucheza toka zamani, wanaume kwa wanawake, wafalme kwa watu wa chini. Mu karne ya 19 ulipunguka sana, sababu magonjwa yenye yaliletwa na wageni yaliua watu wengi, na wamisionere wengi wa wakati ule hawakuupenda.

Mwisho wa mwaka 1914, Duke Kahanamoku wa Hawaii, muogeleaji mwenye alipata medali ya zahabu ku Michezo ya Olimpiki ya 1912, alifika Sydney. Alichonga ubao mwenyewe na kuonyesha watu muchezo ku Freshwater. Mwanzo wa 1915 alipandisha ku ubao wake binti mumoja wa miaka 15, jina lake Isabel Letham. Mukumbuke basi: kati ya watu wa kwanza wa Australia kusimama juu ya wimbi, kulikuwa binti. Na Freshwater iko jirani kabisa na Manly, fasi Layne alikomalia.

3. Mutoto wa Manly

Layne alizaliwa Sydney mwaka 1972. Mama aliyemuzaa alikuwa kijana wa miaka 17, na mimba ile ilitokana na jeuri ya mwanaume. Hakuweza kumulea. Mutoto alitolewa angali mudogo sana, akapokelewa na bwana na bibi Beachley, wakamufanya mutoto wao kabisa.

Alipokuwa na miaka 6 tu, mama yule mulezi alikufa. Kisha, alipofikia miaka 8, baba yake Neil alimukalisha na kumuambia ukweli: yeye si mutoto wa kuzaa.

Wasomaji, kati yetu kuna wenye wanajua uzito wa neno lile. Mutoto alifikiri hivi: «Kama mama aliyenizaa alinitoa, basi mimi sina bei.» Njo akakata shauri mu roho yake: nitakuwa wa kwanza mu dunia, hata kwa kitu gani, ili watu wanipende. Kitu chenye kilikuwa karibu naye kilikuwa bahari. Ku maji ya Manly vijana wanaume walikuwa wengi, na hawakupenda binti awakamatie mawimbi. Layne hakutoka.

4. Miaka ya shida

Akiwa na miaka 16 aliingia mu mashindano ya watu wenye kulipwa. Lakini kulipwa kulikuwa jina tu. Feza za wanawake zilikuwa kidogo sana, na mashindano yanafanyika mu inchi nyingi: inaomba kulipa ndege, chakula na fasi ya kulala. Kuna wakati Layne alifanya kazi 4 pamoja, yapata saa 60 kwa juma, juu ya kupata feza za safari. Na mazoezi aliyafanya wakati gani? Wakati wenzake wanapumuzika.

Mwili ulikataa. Mwaka 1993, na tena 1996, alipatwa na ugonjwa wa uchovu, ule wenye mutu analala lakini nguvu hairudi. Watu wengi wangeacha. Yeye alipumuzika, akajifunza kupima nguvu yake, akarudi.

5. Mataji saba

Toka 1994 mupaka 1997 bingwa alikuwa Lisa Andersen wa Marekani, mara 4 kwa mufululizo. Mwaka 1998 Layne alikamata taji. Akalishika 1999, 2000, 2001, 2002 na 2003. Mara 6 bila kukatika! Mbele yake hakuna mutu alifanya vile, si mwanamuke, si mwanaume. Hata Kelly Slater, bingwa mukubwa wa wanaume, mufululizo wake murefu ulikuwa mara 5.

Mwaka 2004 Sofía Mulanovich wa Peru alimunyanganya taji, na 2005 Chelsea Georgeson wa Australia akalipata. Wengi walisema Layne amezeeka. Mwaka 2006, akiwa na miaka 34, alishinda mara ya 7. Aliacha mashindano ya dunia mwaka 2008.

Neno lenye linatugusa zaidi, ni yeye mwenyewe alilieleza kiisha: yale mataji 6 ya kwanza aliyapata kwa woga, woga wa kushindwa na kukosa kupendwa. Lile la 7 tu njo alilipata kwa furaha, sababu alikuwa anapenda muchezo. Mama aliyemuzaa naye, walionana Layne akiwa mutu mukubwa.

6. Nyuma yake

Mwaka 2003 alianzisha shirika la kusaidia mabinti kulipa masomo na mazoezi, ili wasiteseke sawa yeye. Kuhusu feza, vita ilikuwa ndefu. Mwaka 2018 ku Ballito, Afrika ya Kusini, kijana mushindi alipewa randi 8000 na binti mushindi 4000, na picha yao ikazunguka dunia. Mwezi wa 9 wa mwaka uleule, wakubwa wa muchezo walitangaza kama toka 2019 washindi wanaume na wanawake watapata feza sawasawa mu mashindano yao yote. Stephanie Gilmore, naye wa Australia, alimupita Layne kwa hesabu kwa kupata taji la 8 mwaka 2022. Lakini mara 6 za mufululizo, mupaka siku hiyo hakuna mwanamuke mwingine alizifikia.

7. Tunajifunza nini?

Kwanza, nguvu si ya wanaume tu. Wimbi haliulize kama wewe ni kijana ao binti.

Pili, na hili ni kubwa kupita: mutoto mwenye kulelewa na wengine ana bei ileile mbele ya kushinda na nyuma ya kushindwa. Layne alitumia miaka 30 kujifunza neno hilo. Kama karibu nawe ku banki la masomo kuna mwenzako wa namna ile, usingoje akuwe wa kwanza mu darasa ndipo umuheshimu. Umuambie leo.