Voliboli ya wasichana: kabla ya kuchagua warefu, chukua chaki

Kila msimu wa michezo ya shule ukikaribia, uteuzi wa kikosi cha wasichana huwa ule ule. Katika shule moja huku kwetu Kilifi nimeona wasichana wakipangwa mstari, warefu wakachukuliwa na wengine wakarudishwa darasani kabla mpira haujarushwa hata mara moja.

Urefu una maana, sibishi. Wavu wa wanawake uko mita 2.24 kutoka chini, na anayezuia katikati lazima mikono yake ipite hapo. Lakini kwa msichana wa miaka 12, urefu hukuonyesha zaidi nani ametangulia kubalehe. Wengi hurefuka kwa kasi kubwa kwenye umri huo, na baada ya kuvunja ungo kasi hupungua. Anayewapita wenzake Gredi ya 7 huenda wakawa sawa Gredi ya 10.

Mimi hupima kwa chaki. Msichana asimame kando ya ukuta, anyooshe mkono, weka alama. Kisha aruke aguse juu kabisa, weka alama ya pili. Tuseme mrefu anafikia mita 2.20 akisimama, na anaruka sentimita 25: jumla 2.45. Mfupi anafikia 2.05 lakini anaruka sentimita 45: jumla 2.50. Nani apige smashi?

Halafu rusha mpira ghafla upande wasioutarajia, utazame nani anaondoka kwanza. Huyo ndiye libero wako. Nafasi hiyo ilianzishwa 1998, na sheria haimruhusu libero kuzuia mpira wavuni, sasa urefu wake ni wa nini? Seta Yoshie Takeshita wa Japani alikuwa na sentimita 159, na alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya 2006.

Aliyerefuka ghafla naye asionewe. Miguu imeongezeka na mwili bado haujaizoea, kwa hivyo atajikwaa na mipira itamponyoka kwa muda. Akilalamikia maumivu chini ya goti, mpunguzie kuruka, usimwite mvivu. Na wote wafunzwe kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, yasielekee ndani. Wangu huanza na hilo kabla ya smashi ya kwanza, hata wakinung'unika.